Mitumba iliua viwanda vyetu vya nguo, au vilikuwa vimeshakufa?

Kijana wa Ubungo: Wakuu, tulikuwa na kiwanda cha Urafiki kilichojengwa 1968 kwa msaada wa Wachina, tulikuwa na Mwatex Mwanza na Mutex Musoma. Leo nchi nzima inavaa mitumba. Mimi nasema ni Rais Mwinyi na ruksa yake ya kuagiza bidhaa.

Mzee wa Foleni: Kijana, usimbebeshe Mzee Mwinyi yasiyo yake. Bajeti ya 1984, Msuya akiwa Waziri wa Fedha na Mwalimu Nyerere bado yuko Ikulu, ndiyo iliyoruhusu mwenye fedha za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Viwanda vilikuwa hoi tayari, baada ya vita vya Kagera hata vipuri havikuja. Kitenge kikichuja rangi kilinunuliwa vilevile, tena kwa kugombaniwa. Meneja amjue mteja wa nini wakati hana mzigo unaomlalia? Vilivyobaki wakamalizia walanguzi.

Binti Duka: Walanguzi! Marehemu baba alikuwa na kiduka kijijini. Operesheni Maduka ya 1976 ikamfunga, ati duka la ujamaa litatosha. Halikutosha, akaruhusiwa tena. 1983 wakamkamata kwa ajili ya khanga. Sheria ile ya uhujumu uchumi haikutoa dhamana wala wakili. Na wewe unamtaja kwa neno moja tu!

Mzalendo Halisi: Pole dada, lakini khanga hizo zilifichwa zisubiri nini? Mama yangu alifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Waziri Mkuu Sokoine aliwapigania watu kama yeye.

Binti Duka: Nani kasema zilifichwa? Zilikuwa rafuni! Tume ya Bei ilipanga bei ambayo haikurudisha hata nauli ya kwenda kuchukua mzigo mjini. Auze kwa hasara ndipo awe mzalendo?

Mpwa wa Moshi: Kwetu mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977, sabuni ikapita porini usiku. Wanunuzi walikuwa walimu, masista, hata makatibu wa chama. Wote wahujumu?

Kijana wa Ubungo: Jamani, niliuliza kuhusu nguo...

Mzalendo Halisi: Nguo baadaye. Mpwa, magendo hayo ya porini ndiyo yaliyomaliza nchi. Kahawa ilitoka, sabuni ikaingia, hazina ikabaki tupu.

Mpwa wa Moshi: Mkulima wa kahawa alikuwa analipwa kwa kuchelewa, na akilipwa, dukani hakuna cha kununua. Ungekuwa wewe ungeuza wapi?

Mzalendo Halisi: Ningevumilia. Wazazi wetu walivumilia.

Binti Duka: Wa kwangu alivumilia akiwa rumande. Hebu nijibu, usizunguke: kama tatizo lilikuwa walanguzi, mbona baada ya kuwakamata 1983 maduka yalizidi kuwa matupu, na bidhaa zikarudi serikali ilipowaruhusu waagize wenyewe?