Mbwa asiyetulia uani msimu wa masika: nimfanyeje?

Mkazi wa Muyeye

Assalamu alaikum ndugu zangu, na habari za masika kwa wote.

Ninaishi Muyeye, hapa Malindi, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo uliozungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe, pamoja na mume wangu, watoto wawili na mbwa dume wa miezi 14 anayeitwa Sikujua. Jina hilo tulimkuta nalo. Mama yake ni mbwa wa kienyeji aliyekuwa akiwindishwa upande wa Ganda, na baba yake hajulikani, jambo ambalo huenda ndilo lililomzalia jina.

Wakati wa kaskazi hatukuwa na shida. Kila jioni, jua likishapoa, mwanangu mkubwa alimpeleka ufukweni akakimbia mpaka ulimi ukaning'inia, na usiku hatukumsikia isipokuwa mtu alipopita uchochoroni. Lakini tangu mvua zianze katikati ya Aprili na upepo ugeuke kusi, jioni zetu nyingi zimekuwa za kuchungulia mlangoni. Mbwa amebaki uani, na nguvu zile zimekosa pa kwenda. Ameangusha kamba ya nguo na kuiburura doti nzima ya kanga yangu hadi kwenye dimbwi lililo chini ya mfereji. Amechimba chini ya ukuta shimo la kutosha kuingia ndoo. Amezitafuna ndara za watoto, kila mara za mguu wa kulia peke yake, na sijui za kushoto zimemkosea nini.

Lililonifanya niandike ni hili. Alfajiri ya juzi jirani yetu, mzee wa kuheshimika, alikuwa akielekea msikitini. Lango letu halikuwa limefungwa vizuri, na Sikujua akatoka akamrukia kwa furaha, naye amelowa chapachapa. Mzee hakuumia wala hakutukemea; aligeuka tu akarudi kwake kubadilisha kanzu, na sala ya jamaa ikampita. Afadhali angenikemea.

Mume wangu anapendekeza tumfunge mnyororo mchana kutwa hadi mvua zikatike. Nafsi yangu haikubali, lakini sina hoja ya kumpa. Naomba ushauri wa namna ya kumtuliza mbwa wa aina hii ndani ya ua mdogo, na kama kuna hatari za msimu huu ambazo sizijui, nizijue mapema.

Kijana wa Barani

Dada, mimi naona mume wako ana haki. Mbwa ni mlinzi, na kazi ya mlinzi ni usiku. Baba yangu alifuga mbwa watatu kwa miaka mingi, wote wakifungwa asubuhi na kufunguliwa baada ya Isha, na hakuna kanzu ya mtu iliyochafuliwa. Haya ya kumtafutia mbwa michezo ni mambo ya wenye majumba ya kifahari kule Casuarina.

Mzee wa Maweni

Nilifanya kazi ya kutibu mifugo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo Kijana wa Barani atanivumilia nikimpinga. Kumfunga mbwa kwa saa moja, mgeni anapopita au lango linapotengenezwa, si tatizo. Kumfunga mchana kutwa ni jambo jingine, kwa sababu mbwa mchanga hazimalizi nguvu zake kwa kufungwa, bali huzilimbikiza, na ukimfungua jioni unapata mbwa wa mara mbili. Tena mbwa aliye kwenye mnyororo anajua kwamba hawezi kukimbia, na kiumbe asiyeweza kukimbia hutegemea meno. Wengi walioletwa kwangu wakilalamikiwa kwa ukali walikuwa na alama ya mnyororo shingoni.

Binti yangu, mbwa wako ametoka kwenye ukoo wa kuwinda, na mbwa wa kuwinda huchoka kwa pua kuliko anavyochoka kwa miguu. Acha kumwekea chakula chake cha asubuhi kwenye bakuli. Mega ugali uliopoa vipande vidogo, changanya na dagaa wakavu, kisha mfungie mbwa upande mmoja huku mtoto akificha vipande hivyo uani: kimoja chini ya kuti kuukuu, kingine nyuma ya ndoo, kingine juu ya jiwe. Mvua ikinyesha, tumia baraza na gunia lililokunjwa mikunjo mingi. Siku za kwanza atababaika, atarukaruka, atakutazama usoni akitaka umwonyeshe. Usimwonyeshe. Baada ya siku chache utamwona ameinamisha kichwa, mkia umenyooka, anasikika akivuta pumzi fupi fupi, na dakika ishirini za kazi hiyo zitamlaza vizuri kuliko saa nzima ya kukimbia ovyo. Kuhusu shimo, usijaribu kumwachisha kuchimba kabisa; mpe pembe moja ya ua yenye mchanga, ufukie humo vitu vyake. Kumbi la nazi ni mchezo mzuri pia, ila mtu akae karibu na kuliondoa anapoanza kumeza nyuzi, kwa maana zinaweza kuziba utumbo.

Sasa hatari za msimu. Ya kwanza ni kupe, na hapa ukuta wako wa matumbawe unahusika kuliko unavyodhani. Kupe jike wa mbwa akishanyonya akavimba, huanguka, akapanda ukutani na kutaga mayai kwa maelfu ndani ya nyufa. Watu humwogesha mbwa dawa, wakashangaa wiki mbili baadaye kupe wamerudi, kumbe hawakwenda mbali. Mkague kila jioni ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya ukanda wa shingo, ziba nyufa za ukuta zilizo karibu na anapolala, na umwombe daktari wa mifugo dawa ya mbwa na ya mahali pia. Usikisie vipimo vya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Na kwa kuwa hapa Malindi hakuna nyumba isiyo na paka, hata kama si wako, fahamu kwamba dawa za kupe zenye pamethrini, ambazo mbwa huzistahimili, zinaweza kumuua paka. Mbwa akikataa kula, fizi zikawa nyeupe, akatokwa damu puani au akakojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho.

Ya pili inazihusu kanga zako zilizoburutwa. Kuna nzi wa huku kwetu pwani anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zenye unyevu, na mabuu yake huingia chini ya ngozi ya mbwa, hata ya mtu, yakatoa uvimbe mfano wa jipu wenye tundu dogo juu. Kwa mbwa huonekana zaidi tumboni na miguuni. Ukiuona, paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya tundu ili buu likose hewa na lisogee juu, ndipo ulikamue taratibu bila kulipasua. Nguo zilizoanikwa masika, hasa za watoto, zipigwe pasi pande zote mbili, na tandiko la mbwa lianikwe juani kila jua linapotoka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa sitaihubiri, nadhani anayo. Kama mwaka umepita tangu achanjwe, mrudishe.

Mvuvi Mstaafu

Mzee wa Maweni amesema ya nyumbani. Mimi niongeze ya ufukweni, kwa sababu msiache kwenda kabisa. Masika haya mvua haipigi siku nzima bila kupumzika. Mara nyingi kuna mwanya asubuhi, na ukizijua nyakati za maji utaupata ukiambatana na maji kupwa, mchanga ukiwa mgumu na mpana. Siku za bamvua bahari hukauka mbali na mbwa hupata uwanja, na siku za maji mafu ufuko ni mwembamba, hivyo mtembezeni kwa kamba.

Lakini mwangalieni anachookota. Kusi ikivuma, bahari hutupa vitu vingi ufukweni, na kimojawapo ni bunju. Samaki huyu akishakufa hukauka akabaki kama mfuko wa ngozi wenye miiba, na mbwa humwona mchezo. Sumu yake haiondoki kwa kukauka wala kwa kupikwa. Mbwa aliyemtafuna huanza kutapika, kisha miguu ya nyuma humlegea, na mwisho pumzi hukatika. Mfundisheni neno "acha" kabla ya kumfundisha neno lolote jingine, mkianza na kipande cha ugali mkononi.

Jingine ni kasa. Miezi hii kasa hupanda kutaga kwenye fuko zetu, mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili, na pua ya mbwa wa kuwinda huyanusa yakiwa chini. Mkiona mkokoto mpana kama wa tairi kutoka majini hadi juu ya mchanga, geuzeni njia. Upande wa kaskazini msivuke kwenda kwenye mlango wa mto Sabaki, kwa kuwa kuna viboko na mamba, na mto ukijaa maji mekundu ya matope hata sisi hatuwaoni.

Bi wa Shela

Mwanangu, mimi sifugi mbwa, naishi karibu na wafugao, basi nisikilize nikusemee yule mzee wako.

Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii mbwa mkavu akipita kando ya mtu mkavu hakuna neno, ila akiwa na unyevu, pale alipogusa ni najisi, na huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa yuleyule asiyemsumbua mtu Januari huwa taabu masika, maana halowi tu, bali analowa na lango liko wazi na watu wanakwenda kusali. Wala hakuna aliyekwambia umtoe. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo kumeruhusiwa, na hao watu wa Pangoni mbwa wao ametajwa ndani ya Qurani. Ule msemo wa mbwa kumfuata mtu msikitini tunaucheka, lakini wewe umeupeleka mbele zaidi, wako kamzuia mtu asifike!

Nenda kwa mzee na mumeo, si peke yako, na msiende na zawadi kubwa kama mnaofidia gari. Semeni mmekosea, kisha mwulizeni anatoka saa ngapi alfajiri na Isha, mbwa awe ndani saa hizo. Halafu watoto wa chuo cha Qurani wanaopita uchochoroni: wanapomwona mbwa hukimbia, na kukimbia kwao ndiko kunakomfanya awafuate. Waombe waende pole pole bila kupiga kelele, na kipande cha bati kiwekwe chini ya lango asiwaone miguu.

Kijana wa Barani

Nimewasikia wazee wangu. La mnyororo naliondoa nusu. Nusu nyingine nabaki nayo mpaka nione huyo Sikujua ametulia kwa kunusa dagaa.

Mkazi wa Muyeye

Nimerudi baada ya wiki tatu, kwanza kuwashukuru, na pili kumjibu Kijana wa Barani.

Mchezo wa kunusa ulifeli siku mbili za mwanzo, kwa kosa letu. Mwanangu mdogo alikuwa akificha dagaa huku mbwa akimtazama kupitia upenyo wa mlango, hivyo Sikujua alikwenda moja kwa moja kila mahali akamaliza kabla hatujakaa. Tulipoanza kumfungia jikoni mambo yalibadilika. Siku ya tano mvua ilipiga bati kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, naye, badala ya kuzunguka ua akibweka, alikunjua gunia mkunjo kwa mkunjo barazani, kisha akalala juu yake. Mume wangu alisimama mlangoni akamtazama muda mrefu, asiseme neno, na mnyororo sijausikia tena.

Kupe tuliwapata, na Mzee wa Maweni atafurahi kusikia kwamba walikuwa kwenye ukuta. Nilimulika tochi usiku kwenye ufa ulio juu ya tandiko lake, nikawaona wamejipanga kama mbegu za mpapai. Daktari ametupa dawa, na nyufa tunazijaza saruji kidogo kidogo, kwani mwenye nyumba amesema zilikuwepo tangu zamani, kana kwamba hilo ni jibu.

Kwa mzee jirani tulikwenda jioni ya Ijumaa. Alitupokea kwa kahawa na kutwambia anatoka saa kumi na nusu alfajiri, tena akaomba jambo moja ambalo hatukulitarajia: mbwa aachiwe uani kuanzia usiku wa manane hadi saa hiyo, kwa sababu tangu aje, madafu ya mnazi wake hayaibwi. Lango sasa lina komeo mbili. Sikujua amejifunza kukaa kitako kabla halijafunguliwa, si kila mara, lakini mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Bunju tumekutana naye mara moja. Mwanangu alisema "acha", mbwa akaacha, kisha akatazama nyuma mara tatu kama anayekumbuka deni.

Kinachotushinda ni uchimbaji. Pembe ya mchanga anaitumia na anaipenda, na lile shimo la chini ya ukuta tulilijaza mawe. Jana ameanzisha jingine, hatua mbili kutoka pale, na ndani yake nimekuta ndara ya mguu wa kushoto.