Ameniambia niwafunge nyuki wangu kamba kama mbuzi

Ndugu wanajamvi, ninaandika huku mikono ikiwa bado inatetemeka. Sitamtaja jina, kwani hapa Sikonge hakuna asiyemfahamu mwenye lile shamba la matikiti maji bondeni, ambaye habanduki kwenye bomba lake la dawa ya wadudu utadhani alizaliwa nalo mgongoni. Leo nimemwendea kwa adabu, nikiwa na kofia iliyojaa nyuki waliokufa, nikamwomba asipulizie asubuhi. Akanijibu mbele ya vibarua wake: "Wafunge nyuki wako kamba, kama mimi ninavyofunga mbuzi wangu."

Kamba! Nyuki huruka kilomita 3 na zaidi kufuata mbochi, yaani maji matamu ya maua, nami nimfunge kamba!

Ua la tikiti huchanua asubuhi na kufumba siku hiyo hiyo. Maua dume na maua jike yako mbalimbali, na bila mdudu wa kubeba chavua, tunda halitungi. Saa ambazo nyuki wamejaa mauani ndizo anazopulizia, badala ya kungoja jioni warudi mzingani. Wanaoanguka chini ya mzinga, ulimi nje, kila mtu anawaona. Asiyeonekana ni yule aliyeonja kidogo tu, akapotea njia, asirudi tena, hadi mzinga ukabaki na malkia na majana, yaani watoto wa nyuki, yasiyo na wa kuyalisha. Zipo pia dawa za jamii ya neonikotinoidi, zinazofanana na nikotini ya tumbaku tunayoilima huku, ambazo huingia ndani ya mmea mpaka kwenye chavua na mbochi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati yake kutumika katika mashamba ya wazi mwaka 2018. Na nyuki wa porini wanaochimba viota ardhini, kila jike peke yake na watoto wake, hawana hata mfugaji wa kuwalilia. Nao tuwafunge kamba?

Mrina wa Miombo: Pole mkuu, lakini nawe una kosa. Mzinga wa gome hutundikwa msituni, si jirani na bonde la matikiti. Babu zetu walitembea siku nzima kuifuata mizinga yao. Wewe unataka kurina ukiwa barazani.

Mwenye uzi: Mizinga yangu ilikuwa pale kabla hajafyeka bonde, na aliyenitukana mbele ya vibarua ni yeye.

Mama Alizeti: Afadhali wewe unaweza kumuuliza alichopulizia. Huku Uyui tunapimiwa dawa katika chupa za soda zisizo na lebo, na mwaka huu alizeti yangu imejaa mapepe, maganda matupu.

Mkulima wa Urambo: Kwetu makopo matupu ya dawa hutupwa mtoni, na nyuki hunywa maji hapo hapo. Mama Alizeti, hiyo dawa ya chupa ilikuwa na rangi gani? Nahisi ndiyo niliyouziwa mimi.