MREJESHO: Nilouliza kuhusu kusamehewa ada ya kufungua kesi

Wakuu habari, mimi ndo yule wa Newala nilouliza nafunguaje kesi ya madai bila wakili na hela ya ada sina, jamaa kabeba mbaazi zangu kwa mkopo halafu simu hapokei.

Nilianza kwa msaidizi wa kisheria kama mlivonishauri, hawa hawachaji, ndo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inavosema. Akanambia usiende mikono mitupu, kachukue barua kwa mtendaji wa kijiji kwamba hali yako ni duni. Hapo ndo nilisota jamani, siku ya kwanza yuko kikaoni, ya pili muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kaenda mnadani, ya tatu ndo nikaipata na wino wenyewe umekauka mpaka akaugonga mara mbili.

Mahakamani karani ananiambia kalipie, kontro namba hii hapa. Nikamwambia dada naomba kuandika maombi ya kusamehewa ada, akanitazama kama nimemuomba nauli, ila akapeleka. Hakimu akanihoji shamba ekari ngapi, nani ananisaidia, akasoma barua weeee, akakubali. Kesi imesajiliwa na samansi, ile hati ya kumwita jamaa mahakamani, imetoka.

Yule alonijibu hapa kwamba bila wakili sipokelewi alinitia presha bure. Ila bodaboda za kwenda na kurudi hakuna wa kunisamehe 😅

Sasa nasikia jamaa kahamia Masasi, hiyo samansi inamfikiaje?