Masundosundo (vinyama) sehemu za siri: tupeane uzoefu wa tiba na kinga

Mleta mada
Wakuu, vinyama vya sehemu za siri vinaonewa aibu sana, kwa hiyo mtu anajitibu gizani na kujiunguza. Manesi, wafamasia, wakunga: wekeni hapa mnachokijua, kwa vipimo kamili. Dawa gani, inapakwaje, nani asiiguse.

Nesi wa Ngozi
Kabla ya dawa yoyote, hakikisha ni masundosundo kweli. Yanaletwa na kirusi cha HPV, na aina mbili tu, ya 6 na ya 11, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 90 yake. Kinaanza kipele laini kisichouma, kisha vinajazana mpaka vinafanana na koliflawa.

Vipele vidogo vya saizi moja, vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume, ni maumbile. Usivichome. Kinachonitia hofu zaidi ni kile kilicho bapa, kipana, chenye unyevunyevu na utando wa kijivu. Hiyo inaweza kuwa kaswende hatua ya pili, na dawa ya kupaka haiitibu hata kidogo. Inatakiwa kipimo cha damu na sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4. Mtu anapakwa wiki sita, kinyama kinakauka, kaswende inaendelea kimyakimya. Ndiyo maana kipimo cha kaswende na cha VVU vinakwenda pamoja na tiba hii.

Dirisha la Dawa
Podofilini, dawa ya maji ya kahawia ya asilimia 10 hadi 25, hupakwa na mhudumu, na nyingi ya ajali zake zinatokana na upakaji. Osha, kausha kabisa. Zungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima iliyo jirani. Chovya kijiti cha pamba, kisha kikamue kwenye mdomo wa chupa, maana tone linalochuruzika ndilo linalounguza mapumbu na mapaja. Gusa kinyama peke yake. Dawa isizidi nusu mililita kwa mara moja, na eneo lisizidi sentimita 10 za mraba. Mgonjwa abaki ametanua miguu mpaka ikauke. Baada ya saa 1 hadi 4, aioshe kwa sabuni na maji. Arudi baada ya wiki. Akilala nayo anaamka na vidonda. Isipakwe kwenye mchubuko wala ndani ya uke, kwa sababu huko inanyonywa na kuwa sumu mwilini.

Podofilotoksini ya asilimia 0.5 ni kitu kingine, hiyo mtu anajipaka nyumbani: mara 2 kwa siku kwa siku 3, anapumzika siku 4, mizunguko isizidi 4. Majina yanafanana, soma lebo.

Kuna pia krimu ya imikwimodi, asilimia 5. Inapakwa usiku mara 3 kwa wiki, inaoshwa baada ya saa 6 hadi 10, mpaka wiki 16. Haichomi kinyama, inaamsha kinga ya mwili, kwa hiyo inakwenda polepole na wengi wanaiacha mapema. Inadhoofisha kondomu pia: ikiwa bado iko kwenye ngozi, msikutane.

Mgeni Mwema
Na asidi ya betri? Kitunguu saumu? Kufunga kwa uzi?

Nesi wa Ngozi
Hapana, ndugu yangu, vyote vitatu. Asidi haichagui kinyama na ngozi nzima, linabaki kovu. Kitunguu saumu kibichi nacho kinaunguza. Uzi unaozesha kinyama na kuleta usaha. Na usinyoe kwa wembe hapo, michubuko inakipandikiza kirusi pembeni.

Mkunga wa Pwani
Dada zangu wajawazito: podofilini na podofilotoksini ni marufuku, imikwimodi nayo tunaiepuka. Kinachotumika ni kugandisha kinyama kwa naitrojeni ya maji, ambayo ni baridi kali, au asidi ya TCA ya asilimia 80 hadi 90 inayopakwa na mhudumu mpaka kinyama kigeuke cheupe. Ikimwagika pembeni, inatulizwa mara moja kwa sabuni ya maji. Vinyama hukua haraka wakati wa mimba na vingi hunywea baada ya kujifungua. Upasuaji wa kujifungua unahitajika tu vikiziba njia au vikitishia kuvuja damu nyingi.

Afisa Chanjo
Dawa inaondoa kinyama, kirusi kinaweza kubaki kwenye ngozi. Vikirudi ndani ya miezi 3 si ushahidi kwamba mwenzako ametoka nje. Tangu kuambukizwa hadi kuota inaweza kupita miezi, hata miaka. Tafadhali msivunje nyumba kwa hesabu hiyo. Kondomu inapunguza hatari, ila haifuniki ngozi yote.

Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Tanzania Aprili 2018, Kenya Oktoba 2019, kwa wasichana, ikilenga saratani ya shingo ya kizazi. Ulizeni inakinga aina ngapi za kirusi. Ya aina mbili (16 na 18) haikingi masundosundo. Ya aina nne na ya aina tisa zinakinga. Australia ilianza na ya aina nne mwaka 2007, na masundosundo yakapungua sana kwa wasichana. Haitibu kinyama kilichokwisha kuota.

Aina ya 6 na 11 hazileti saratani ya shingo ya kizazi, lakini mtu anaweza kubeba aina kadhaa kwa pamoja. Mama wa miaka 30 na kuendelea, au 25 kama ana VVU, aombe uchunguzi wa siki: inapakwa kwenye shingo ya kizazi, inasubiriwa dakika 1, na mhudumu anaangalia kama pametokea doa jeupe.