Ushauri: Nageuza nyumba ya kale Mikindani iwe mgahawa, dari na rangi nifanyeje?

Mzawa_wa_Bandarini: Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya ghorofa moja Mikindani, kaacha marehemu babu. Kuta za matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Chini nataka mgahawa, juu vyumba vya wageni. Fundi anasema tuzibe boriti kwa jipsam na kuta tupige plasta ya saruji. Ukumbi wa chini una upana wa mita 6. Rangi gani itapendeza? Usingizi sipati.

Kitumbua_Lindi: Krimu, mkuu. Ila mpishi ndiye kila kitu. Wangu aliondoka na sufuria zote, hadi mwiko.

MamaSwaumu: Mirathi mmegawana? Mali ya marehemu haigeuzwi na mtu mmoja.

Mzawa_wa_Bandarini: Kabaki shangazi tu, karidhia. Turudi kwenye mada.

FundiChokaa: Saruji achana nayo. Ukuta wa matumbawe unapumua. Ukiuziba, unyevu hauna pa kutokea, chumvi inasukuma rangi, msimu mmoja tu inabanduka magamba. Piga chokaa. Boriti ziache wazi, wageni ndizo wanazofuata. Boma la Wajerumani la hapo hapo Mikindani ni la 1895 na leo ni hoteli.

Mzawa_wa_Bandarini: Boma walikuwa na wafadhili. Chokaa inachelewa kukauka, na saruji nimeshanunua. Kiwanda kipo mlangoni Mtwara, niiache?

Msimbati_One: Una mlango wa nakshi? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda iliyochongwa kabla ya 1940. Usije ukamuuzia mtu.

Mzawa_wa_Bandarini: Mlango haujaguswa.

Ntu_wa_Newala: Hii chai, stori ya kutunga. Vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ikizidi mita 3 hivi inapinda. Ukumbi wa mita 6 umetoka wapi? Halafu eti rangi ndiyo inakunyima usingizi!

Kitumbua_Lindi: Chai ya tangawizi kabisa 😂

Mzawa_wa_Bandarini: Si chai. Palikuwa na ukuta katikati. Tumeutoa Jumamosi. Fundi alisema haubebi kitu.

FundiChokaa: Vichwa vya boriti vimekalia nini sasa?

Mzawa_wa_Bandarini: Tumepitisha ubao na nguzo mbili. Sakafu ya juu ina ufa, kidole kinaingia. Fundi kasema ni plasta tu.

FundiChokaa: Ile sakafu ni mawe na chokaa, ina uzito wa kutisha. Juu kuna mtu?

Mzawa_wa_Bandarini: Shangazi. Mguu unamsumbua, ngazi hapendi.

MamaSwaumu: Subhanallah! Na ulisema karidhia!

Mzawa_wa_Bandarini: Karidhia mgahawa.

FundiChokaa: Mshushe sasa hivi, mbebeni na kiti. Kisha simamisha mirunda, zile nguzo za miti za kuegemezea, mistari miwili, huku na huku ulipokuwa ukuta, ubao juu na chini, kabari zikazwe taratibu bila kugonga kwa nguvu. Kesho mhandisi, na watu wa Mambo ya Kale wapate taarifa. Ukuta urudi kwa mawe na chokaa, uachiwe matao mawili mapana. Wateja watapita na meza zitaenea.

Ntu_wa_Newala: Nimefuta neno chai.

Mzawa_wa_Bandarini: Mirunda saa hizi naipata wapi?

Kitumbua_Lindi: Shemeji yangu ana banda la mbao Mtwara mjini. Njoo PM, nampigia.