Draiva za kadi za chipu: ziwe huria au zibaki siri ya mtengenezaji?

Mpekuzi: Wadau, kadi inayotunza ufunguo wa saini ya kidijitali, draiva yake (programu inayoiunganisha na kompyuta) msimbo wake tuusome wote au ufichwe? Mimi nasema iwe huria. Ufunguo umo ndani ya chipu na hautoki. Draiva kazi yake kupeleka amri na kurudisha majibu. Wanaoificha ni waoga tu.

Nahodha: Chunga mdomo, mkuu. Draiva ndizo zinazonilisha tangu visoma kadi havijajua USB. Tunatia saini mikataba ya usiri na watengeneza chipu. Nikishtakiwa, wakili utanilipia wewe?

Chekanao: Kumbe tatizo si usalama, ni wakili 😂

Nahodha: Cheka tu. OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, si msimbo wake ulikuwa wazi? Mbona Heartbleed, lile tundu la usalama, ilikaa humo miaka miwili mpaka 2014, na macho yenu yote hayo?

BibiSaini: Na lile tundu la ROCA la 2017 je? Maktaba ya programu ya watengeneza chipu Infineon msimbo wake ulifichwa, vyeti vya usalama inavyo, na bado ikazaa funguo dhaifu za RSA, aina ya usimbaji. Latvia sijui wapi kule wakasitisha vyeti vya kadi za vitambulisho za watu laki kadhaa.

Mpekuzi: Estonia. Kadi kama 760,000. Na waliogundua ni watafiti wa nje, kwa kuchunguza funguo zenyewe.

Nahodha: Hilo lilikuwa kosa la chipu, draiva inahusikaje? Wengi humu mkioneshwa 63C2, jibu la kadi, mtadhani ni namba ya chumba.

BibiSaini: Namba ya siri imekosewa, yamebaki majaribio mawili. Nyingine?

Chekanao: 🔥🔥

Kisomo: Afadhali mmeitaja. Mimi draiva moja iliyofungwa iliniulia kadi. Nilikosea mara moja, yenyewe ikarudia kuituma namba ileile kimyakimya: 63C2, 63C1, kisha 6983, kadi imefungwa. Nilikuja kuyaona baadaye kwenye kumbukumbu za kisoma kadi. Ingekuwa huria ningeufuta mstari huo mwenyewe.

Mpekuzi: PUK, namba ya kufungulia kadi, hukupewa?

Kisomo: Wanayo waliotoa kadi. Mpaka upange foleni.

BibiSaini: Programu gani hiyo inarudia namba iliyokataliwa? Huo ni uzembe, hata mwanafunzi hafanyi.

Nahodha: Wakati mwingine ni programu ya juu ndiyo inayorudia, msikimbilie draiva. Na hiyo si yangu.

Chekanao: Nani kasema ni yako?