Tutoe leseni ya mfumo wetu, tushushe bei, au tukomae hivi hivi?

MtunduWaBodi (mwanzisha uzi)
Wakuu, naombeni ushauri. Kampuni ni ndogo, inatengeneza kompyuta za watu wa studio za muziki, zenye mfumo endeshi wetu wenyewe. Wateja waaminifu wapo ila idadi haipandi. Faida ghafi ni asilimia 30 ya bei. Mezani kuna mawazo mawili: kushusha bei kwa asilimia 10, au kuwapa wengine leseni ya mfumo, watulipe asilimia 5 kwa kila mashine. Lipi lina nafuu?

HesabuKwanza
Chukulia bei ni 100. Leo unabaki na 30. Ukiuza kwa 90, gharama iko palepale 70, unabaki na 20. Ili faida isipungue, pale ulipouza mashine 100 sasa uuze 150. Kiwanda kinaweza? Na wakubwa wakishusha nao, umekwisha.

Leseni ndiyo mbaya zaidi. Mteja wako mmoja akihamia kwa mwenye leseni, umepoteza 30 umepata 5. Kuziba pengo hilo kunahitaji wanunuzi wapya kabisa watano. Mwenye leseni hatahangaika kuwatafuta hao, atamfuata aliye tayari kununua, yaani wa kwako.

Kale97
Ndicho kilichowakuta Apple. Walianza kutoa leseni za mfumo wa Mac, kompyuta zao, mwaka 1995, na wenye leseni wakavamia mashine za bei ya juu, penye faida. Mwaka 1997, Steve Jobs akiwa amerudi, mlango ukafungwa. Biashara ya Mac ya Power Computing, mmoja wa wenye leseni, ikanunuliwa na Apple kwa takriban dola milioni 100. Mwaka huohuo Microsoft waliweka dola milioni 150 ndani ya Apple. Watu wanazikumbuka hizo hela, ila uzito ulikuwa kwenye ahadi ya kuendelea kutoa Office ya Mac kwa miaka mitano.

MtunduWaBodi
Kwa hiyo si jina lao lililowaokoa?

FundiRejista
Jina lilifanya wateja wavumilie, basi. Kompyuta ya Amiga nayo ilipendwa mno, na Commodore walioitengeneza walifilisika 1994.

Kilichosaidia ni programu. Tazama Mac ilivyobadilisha chipu: PowerPC 1994, Intel 2006, chipu zao wenyewe 2020. Mara zote tatu programu za zamani ziliendelea kufanya kazi kupitia kitafsiri kilichotolewa na Apple, yaani programu inayogeuza msimbo wa chipu ya zamani uendeshwe na mpya. Mkuu, kwa watu wa sauti hapo pana mtego. Rosetta 2, kitafsiri cha 2020, hutafsiri programu nzima. Haichanganyi msimbo wa Intel na wa ARM (aina ya chipu mpya za Apple) ndani ya mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa. Programu ya kurekodi ikiwa mpya na plagini yake (programu ndogo ya nyongeza) ni ya zamani, plagini haifunguki. Njia ni mbili: mtumiaji aifungue programu nzima chini ya kitafsiri, au plagini iendeshwe kwenye mchakato wake na sauti ipite kwenye kumbukumbu ya pamoja. Hii ya pili, ikiongeza bafa moja (kifungu cha sauti kinachosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128 kwenye kHz 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, imechelewesha sauti kwa milisekunde 2.7 hivi. Mpiga kinanda anaweza asigundue. Bafa zikirundikana tatu nne, atalalamika.

PiniArobaini
Naongezea. Raspberry Pi, wale wa kompyuta ndogo za bodi moja, wana safu ileile ya pini 40 za kuunganishia vifaa tangu modeli ya B+ ya 2014 hadi Pi 5 ya 2023, ndiyo maana bodi za nyongeza ni tele. Ila kwenye Pi 5 pini zilihamishiwa chipu nyingine, RP1. Programu zilizoandika moja kwa moja kwenye rejista (sehemu za ndani ya chipu zinazodhibiti pini), ikiwemo maktaba maarufu ya RPi.GPIO (msimbo ulio tayari wa kutumia pini hizo), ziligoma, wakati zilizopitia draiva za kernel (programu za kiini cha mfumo zinazosimamia vifaa) zilikuwa na afadhali. Ninyi toeni maktaba rasmi mapema, na rejista zisiguswe na programu za nje.

HesabuKwanza
Bei iacheni. Orodhesheni programu na plagini 20 ambazo wateja wanafungua kila siku, kisha waliozitengeneza wapelekewe mashine za majaribio miezi sita kabla ya toleo. Anzeni na draiva za kadi za sauti, maana kitafsiri hakizigusi.